Mabawa Tororo, Kiwiliwili Dabani

Tororo,
Jumamosi, 6 Februari 1965

Kwa shemeji yangu Goretti Akongo, mke wa kaka yangu Fabiano, na kwa ukoo wote ulioko Dabani, wakubwa kwa wadogo, pamoja na majirani watakaosomewa:

Inatangazwa rasmi kwamba gurudumu la nyuma limepatikana. Lilitafutwa tangu Krismasi katika maduka yote ya mji huu, na jana jioni likaonekana kwenye koti langu mwenyewe, kifungo cha tatu kutoka juu. Limekatwa, limetobolewa, limefungwa mkiani, na linazunguka. Koti sasa linafungwa kwa pini. Mwisho wa tangazo.

Baada ya hayo, shemeji, pokea salamu zetu. Sisi hapa tunapumua vumbi la saruji na kushukuru. Felistus jino limemvimbisha shavu, anapika uso ukiwa umefungwa kitambaa na hasemi na mimi mume wake. Sijui kama ni jino au ni ndege. Binti yetu Mildred amepita darasa la sita. Wewe je? Mihogo ikoje? Lile paa la jiko lilizibwa?

Sasa neno lenyewe. Nasikia wazee wamepanga kumzika Fabiano wiki ya Pasaka. Nasikia pia kwamba kwa kuwa mwili haukurudi kutoka Misri, utazikwa mgomba badala yake, kama ilivyo desturi yetu. Shemeji, waambie wazee wasubiri. Kaka yangu alipandishwa ndege ya mabomu mwaka wa arobaini na tatu, yeye na mizigo ya kambi, na ndege ile haikuonekana tena. Hakuondoka duniani amepanda mgomba. Atazikwa na ndege yake.

Naichonga kwa gogo moja la mvule, nikifuata picha ya kalenda ya wakati wa vita. Inaitwa Wellington. Kila futi moja ya ndege ya Wazungu ni inchi moja ya kwangu. Nimepiga hesabu: kutoka pua mpaka mkia inatoka futi tano na inchi nne na nusu. Nikasimama ukutani nikakumbuka Fabiano alikuwa ananifika wapi. Hapa, kwenye sikio. Ni urefu wake hasa! Mtu akishaambiwa hivyo na bado anataka mgomba, huyo ana roho gani?

Mabawa yatakuwa futi saba na kitu, kwa hiyo kaburi litahitaji mikono. Waambie wachimbaji mapema.

Injini mbili bado. Vibanda vya bunduki bado, cha mbele na cha nyuma. Nipeni mpaka baada ya mavuno.

Ni mimi shemeji yako,
Osborn Maloba


Dabani,
21 Februari 1965

Shemeji Osborn,

Hatujambo. Mihogo ipo. Paa la jiko linavuja palepale. Mpe Felistus pole, mwambie jino dawa yake ni maji ya chumvi. Kwa hilo lingine linalomnyamazisha sina dawa, na mimi mwenyewe ni mgonjwa wake.

Tangazo lako nimewasomea wazee kama ulivyotaka. Mzee Erastus aliuliza mara mbili kama kifungo ni cha koti au cha suruali. Kisha wakasema lile nililojua watalisema: bila ndugu wa tumbo moja kutupa udongo wa kwanza, hakuna mazishi. Basi mwanamume wa futi sita amekaa Tororo ameshika kifungo, na mimi nimekaa hapa.

Nikuambie nimekaaje, maana unaandika kama mtu anayedhani nimekaa kwenye kiti. Miaka ishirini na miwili mimi si mke, kwa sababu mume hayupo. Mjane pia si mimi, kwa sababu hajafa, na hajafa kwa sababu hajazikwa. Kwenye matanga, wenye waume wananiambia, "Dada, sogea kule kwa wajane." Wajane wananiambia, "Dada, huku bado." Najikuta katikati na masufuria. Mtoto Mungu hakunipa wa kuniita hata mama.

Jambo la pili unalijua, kwa sababu Busia nzima inalijua. Ojangole wa Molo, yule mnunuzi wa ngozi, ametuma mshenga. Ndiyo. Mimi na miaka yangu arobaini na mitatu nimetumiwa mshenga, na jogoo juu. Padri amesema hawezi kutangaza ndoa ya mwanamke ambaye mume wake hana kaburi. Fabiano akizikwa, nimekuwa mjane. Nikiwa mjane, naolewa. Hapo hapana futi wala inchi. Hata yule jogoo anaelewa.

Mgomba unakatwa asubuhi, unazikwa mchana, jioni watu wanakula. Njoo wiki ya Pasaka utupe udongo wako. Hiyo ndege mwekee Mildred awekee vitabu.

Nakuandikia Kiswahili ili usije ukasema hukuelewa. Lugha yenu, Lusamia, nikiisema unaicheka kwa sababu nimezaliwa Nagongera, na lugha yangu, Dhopadhola, wewe huijui. Kiswahili cha soko hakina mwenyewe, hapo tunatukanana sawasawa.

Mke wa kaka yako, mpaka utakapopenda wewe,
Goretti Akongo


Tororo,
28 Machi 1965

Shemeji mpendwa,

Salamu nyingi, na samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilimfikia Felistus kwanza. Aliisoma akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Jino limeng'olewa, sasa anasema na mimi, na ningeomba lirudishwe. Mvua imeanza. Mildred anakusalimu, amekataa ndege, anasema hana vitabu vya kutosha.

Ya Ojangole nimeyasoma. Mimi sina neno na kabila lake la Wateso. Neno langu ni zile ngozi. Mtu wa ngozi mbichi unamsikia puani kabla hajapiga hodi. Lakini kila mtu na pua yake.

Kuhusu Pasaka: haiwezekani. Kibanda cha mpiga bunduki wa nyuma kimepasuka, mvule ulikuwa haujakauka vizuri. Nilipokiziba nikaona pua nayo imekaa kama pua ya nguruwe, kwa hiyo nimeanza kichwa upya. Tena hapa kuna maneno. Unajua mwezi uliopita ndege zilitupa mabomu kule West Nile. Tangu siku hiyo kila anayekuja kwangu anaitazama ndege, halafu ananitazama mimi, halafu anakataa chai. Nyapara wetu ameniuliza kazini mbele ya watu: "Maloba, hiyo kitu yako inaelekea wapi?" Nikamwambia kaburini.

Usinikasirikie. Ungemjua Fabiano kama nilivyomjua mimi, ungesema kama mimi.

Shemeji yako,
Osborn


Dabani,
19 Aprili 1965

Osborn,

Pasaka ilikuwa jana. Tumefufukiwa, asante. Wazee walikuja, wakakusubiri, wakala, wakaondoka. Hakuna aliyezikwa isipokuwa wali. Mzee Erastus anakusalimu kwa maneno ambayo siyaandiki wiki hii.

Umeniambia mimi simjui Fabiano. Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja! Haya, ngoja nikuambie nilichofanya kwa hasira ya hilo neno. Jumanne nilivuka kwenda Busia ya Kenya, nikamtafuta fundi Okochi, yule mshona suruali, ambaye alikuwa Misri pamoja naye. Alikuwa na sindano mdomoni.

Nikamwuliza, "Fundi, kule vitani wewe ulifanya kazi gani?"

"Nilishona ndege, mama."

"Ndege zinashonwa?"

"Hiyo Wellington unayosema, ndiyo. Si mbao hiyo, wala bati. Ni tenga."

"Tenga gani?"

"Tenga la kuku, mama. Vyuma vyembamba vimepishana hivi na hivi, kutoka pua mpaka mkia. Juu yake kitambaa. Inarudi imetobolewa na risasi, sisi tunatia viraka, inaenda tena. Nimetia viraka matako ya ndege kabla sijatia ya suruali yoyote hapa Busia."

"Na mtu akichonga gogo zima la mvule?"

Akatoa sindano mdomoni. "Huyo amechonga mtumbwi."

Mtumbwi, Osborn! Kaka yako alipotelea jangwani, na wewe miezi yote hii unamchongea mtumbwi. Unajifungia ndani, unaharibu makoti, unawakalisha wazee na njaa, unaniacha mimi kati ya masufuria, kwa ajili ya mtumbwi wenye kifungo.

Sasa kwa kuwa ndege huna, na sababu huna. Njoo mwezi wa tano. Mgomba nimeuchagua, uko nyuma ya choo, unakusubiri kwa heshima zaidi yangu.

Goretti Akongo


Tororo,
9 Mei 1965

Shemeji Goretti,

Asante. Sijui nianzeje kukushukuru.

Sisi tu wazima. Felistus amepanda maharage nyuma ya nyumba. Mildred amejikata kidole kwa patasi yangu, amepona.

Niliposoma barua yako nilikwenda kwa karani mmoja mwenye kioo cha kukuzia maandishi, nikaitazama tena ile kalenda. Kweli kabisa. Kwenye madirisha ya ubavuni unaona vyuma vimepishana ndani, kama ulivyosema, hivi na hivi. Nilikuwa naviona siku zote nikidhani ni uchafu wa wino. Okochi ameniokoa na aibu ya milele. Ningemzika kaka yangu kwa uongo.

Ile ya mvule nimeipasua siku hiyohiyo. Felistus amepikia bawa la kulia. Maharage yaliiva vizuri, mvule una moto wa taratibu.

Kwa hiyo naanza upya, safari hii kwa fito. Tatizo ni kwamba mikono yangu inajua msumeno, kusuka haijui. Nimejaribu, nimepata kitu ambacho hata kuku angekikimbia. Itabidi nijifunze kwanza. Waambie wazee tuseme Pasaka ya mwaka ujao. Kaka yangu amesubiri miaka yote hiyo, hatakosa subira ya mmoja.

Shemeji yako mwenye furaha,
Osborn


Dabani,
14 Mei 1965

Osborn,

Salamu hakuna.

Nilikupelekea tusi, ukalifanya ramani. Nimejitia moto kwa mkono wangu. Tangu barua yako ifike nimelima shamba zima la jirani bila kuombwa, kwa sababu nilihitaji kushika jembe na kupiga kitu.

Sikiliza basi, na umsomee Felistus ili awe shahidi. Mimi nilisuka matenga Nagongera kabla sijamaliza kuota meno. Kiwiliwili nitakisuka mimi, hapa, mlangoni kwangu. Wewe tengeneza mabawa, injini, magurudumu na huo upuuzi wa bunduki. Kila mtu afanye kwake, halafu ulete vyako viunganishwe. Siku ni Jumamosi tarehe thelathini Oktoba. Padri nimempa tarehe. Wazee nimewapa tarehe. Ojangole nimempa tarehe, akanitazama kidogo, akasema, "Oktoba ni mbali, mama." Nikamwambia si mbali kama Misri.

Unanisikia? Thelathini Oktoba. Nimeona kitu, Osborn, sijakisema kwa mtu: kila ukikaribia mkia, unarudi kichwani.

Goretti Akongo


Tororo,
11 Julai 1965

Shemeji,

Natumaini hasira imepungua kidogo, angalau imefika ukubwa wa kubebeka. Sisi tunaendelea. Felistus amevuna maharage. Mjomba wetu wa Nagongera kwa upande wako nilikutana naye sokoni, anasema umekonda, nikamwambia unajenga ndege.

Sasa vipimo. Tafadhali sana usipime kwa shibiri. Shibiri si kipimo, ni mkono wa mtu. Nimekutumia kamba yenye mafundo, kila fundo ni inchi tatu. Ubavuni acha nafasi ya bawa, kila upande, fito zako zipishane na zangu kama vidole vya watu wawili. Kama hazitapishana, mabawa yataning'inia kama ya mwewe aliyepigwa.

Zangu zinakwenda. Nimetumia lile tenga kuukuu ulilotuachia kama mfano, nikalifumua na kulisuka tena mpaka vidole vikatoka damu. Injini nimezitengeneza kwa makopo ya maziwa. Kuna jioni nakaa na bawa magotini bila kufanya chochote, Felistus ananiita kula na sisikii. Hilo liishie kwako.

Na Ojangole wako, bado anatutangulia kwa harufu? Watu wa Molo wanasema haonekani sana huko Busia siku hizi. Au ameogopa kuoa mke wa rubani?

Osborn


Dabani,
22 Agosti 1965

Shemeji Osborn,

Hatujambo. Wimbi limekauka shambani. Mzee Erastus alianguka kwenye mfereji akitoka hapa kuitazama ndege, hakuumia, amelaumu Wazungu. Kamba yako imefika. Nimeanikia nguo.

Nimepima kwa shibiri: shibiri nane na vidole vyembamba viwili. Okochi alikuja na kamba yake ya suruali akapima kutoka pua mpaka mkia. Futi tano, inchi nne na nusu. Nilimwomba arudie kwa sauti, watu wasikie. Ukipenda mlete yule karani na kioo chake.

Kitambaa ni amerikani. Okochi anasema kule Misri walipaka dawa ya kukikaza, dawa yenye harufu ya kulevya. Mimi nimepaka uji wa muhogo, kikakauka juani, sasa ukikipiga kwa kidole kinalia kama ngoma. Jumatano mbuzi alilamba ubavu wote wa kushoto kwa ajili ya uji, akautoboa kwa pembe. Nilimfukuza mbuzi yule mpaka kwa majirani wa pili, na nilipomkamata nilimwambia maneno yaliyokuwa yako. Okochi akatia kiraka. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa akatazama, akasema, "Sasa imefanana."

Majirani wanakuja jioni kunitazama nikisuka. Wananisifu kwamba fito zimebana. Hasira inabana vizuri, ndiyo kazi pekee iliyonifanyia mwaka huu.

Ya Molo yaache Molo. Niulize ya fito.

Goretti Akongo


Tororo,
3 Oktoba 1965

Shemeji mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Mabawa yamekwisha. Ni mazuri kuliko nilivyotegemea, yako juu ya kabati, tunapita tumeinama.

Kuna dogo tu. Propela zangu hazizunguki zikipulizwa. Zinatakiwa zizunguke kwa upepo wenyewe. Nikibadilisha mhimili nitahitaji waya mwembamba, na waya huo unapatikana Jinja tu, na likizo yangu ni Desemba. Tukisema Krismasi, watu wengi watakuwa nyumbani, itakuwa heshima kubwa zaidi. Fikiria, usijibu kwa hasira.

Osborn


Dabani,
9 Oktoba 1965

Osborn,

Chini ya ardhi hakuna upepo.

Kaburi litachimbwa Ijumaa, na mikono yake. Jumamosi ile ya thelathini, saa nne, uwe hapa. Usipokuja, udongo wa kwanza nitautupa mimi, mwanamke, mgeni wa Nagongera, mbele ya ukoo wako wote, na nitaeleza kwa sauti kwa nini ndugu wa tumbo moja hayupo. Nitaanza na kifungo.

Goretti


Tororo,
7 Novemba 1965

Kwa shemeji Goretti,

Nimefika salama, kama unajali. Felistus anasalimu. Mildred ana homa kidogo.

Safari ya kuja hukuiuliza, nitakuambia bila kuulizwa. Nilifunga mabawa juu ya baiskeli, moja huku moja kule, nikaijaza barabara yote. Ng'ombe walipisha, mabasi yalipisha. Kabla ya Busia askari akanisimamisha.

"Mzee, hii nini?"

"Kaka yangu."

"Kaka yako?"

"Nusu. Nusu nyingine iko Dabani."

Akaizunguka. "Ina bunduki?"

"Misumari minne, afande."

"Inatupa mabomu?"

"Zamani."

Akafikiri sana. "Haya pita. Lakini usiruke." Huyo alikuwa na adabu kuliko watu wa kwetu.

Sasa nina maneno na wewe. Ndege iliungana vizuri, fito kwa fito, hilo nakubali. Padri alipoona kaburi lina umbo la msalaba akatusifu kwa imani yetu, na hakuna aliyemwambia kitu, sawa. Lakini lile ulilonifanyia! Nimesimama pembeni, udongo mkononi, namtazama kaka yangu kwa mara ya mwisho, mtu ana haki ya kutazama. Nawe ukaja kutoka upande wa wanawake, ukanishika mkono mbele ya ukoo mzima, ukanifungua vidole kimoja kimoja kama mtoto aliyeiba sukari. Udongo ule sikuutupa, Goretti. Ulianguka! Wazee wakasema inatosha, kwa sababu walisikia harufu ya nyama. Mimi nasema haitoshi. Mimi bado sijamzika.

Na la pili. Kiwiliwili kilikuwa kizito. Wanaume wanne waliinama kukishusha. Fito na kitambaa cha amerikani havina uzito ule, nimefanya kazi na vyote viwili. Uliweka nini mle ndani?

Jibu. Halafu nenda kaolewe na ngozi zako, uko huru sasa, ulichotaka umekipata.

Osborn Maloba


Dabani,
21 Novemba 1965

Shemeji Osborn,

Pokea salamu. Mildred pole, mchemshieni mwarobaini. Kaburi limeanza kutitia upande wa bawa la kulia, nimeongeza udongo.

Umeuliza niliweka nini. Niliweka mgomba. Ijumaa jioni wachimbaji walipokwenda kuoga, nilifumua mshono wa tumboni, nikaulaza ndani, nikashona tena. Wazee walitaka mgomba. Wewe ulitaka ndege. Mimi nilitaka kaburi. Sikuona kwa nini mmoja wetu akose. Piga kelele ukitaka, tena piga nje ili Felistus alale.

Na usinifundishe mimi kutazama. Ulikuwa umesimama na udongo ule mpaka Okochi akavaa kofia tena. Umemtazama kwenye ukuta, umemtazama kwenye mvule, umemtazama kwenye makopo ya maziwa, na mwaka mzima mimi nimelipa kila ulipomtazama. Unadhani ni wewe peke yako uliyekuwa unamsuka? Nilimsuka kwa shibiri, Osborn. Sikuhitaji kamba. Ule urefu ninaujua kwa mkono. Udongo ukianguka ni udongo umeanguka, kaburi halitaniuliza kama ulitupwa. Amezikwa. Ukisema bado, njoo useme hapa, mbele yake, siyo kwa stempu.

Wiki iliyopita kulikuwa na matanga hapo jirani. Nilikwenda nimenyoa kichwa kama mjane. Sikusubiri kuambiwa nikae wapi. Wajane walisogea, wakanipa nafasi kwenye mkeka, mmoja akanipa mtoto nimshike. Masufuria wameosha wengine.

Paa la jiko bado linavuja. Wewe ni seremala, na Desemba una likizo, umesema mwenyewe.

Mjane wa kaka yako,
Goretti Akongo

Nyongeza: Padri naye aliuliza kuhusu tangazo la ndoa. Hakuna. Ojangole alioa mwezi wa saba.